Pale Mkono Unapotua: Miaka Yangu ya Kufunga Vishikio Bafuni

Siku ya kuniaga mlinipa keki, saa ya ukutani na hotuba tatu, na katika hotuba zote tatu hakuna aliyetaja bafu hata moja. Nilikaa pale nikitabasamu na kujiuliza kama mnamuaga mtu mwingine. Basi nimeamua kuandika mwenyewe, ninyi mnaobaki karakana msome mkiwa mnangoja rangi ikauke. Vyeo na mishahara sitavigusa, maana havijawahi kumsaidia mtu kuinuka chooni. Nitaandika kuhusu kuta, bolti, na watu waliokuwa wanaogopa kwenda kuoga.

Kwa walioingia juzi: mimi ni Zaituni, mtoto wa kambi ya polisi. Baba alikuwa sajini, Mwacholi na Mkatoliki. Mama Mnubi na Mwislamu. Kiswahili ndicho kilichowakutanisha, na ndicho walichogombania mpaka uzeeni. Kiganda nilikuja kukijua sokoni. Ndiyo sababu nawaandikia kwa Kiswahili, na mkikuta makosa mjue kwamba kambini kwetu hatukuwa na mwalimu wa ngeli.

Kazi nilianzia Katwe, mtaa wa mafundi chuma, kwa Mzee Odongo, aliyekuwa anatengeneza mageti, vyuma vya madirisha na vitanda vya shule za bweni. Nilifika nimevaa sketi nzuri na ndala, nikitegemea kwamba atanipa kazi ya kuandika risiti. Hakuniangalia usoni. Aliangalia miguu.

"Wewe mtoto ya afande, rudi nyumbani, kuja na viatu," alisema. "Cheche haina heshima."

Nilirudi na buti za kaka yangu, nimejaza magazeti kwenye ncha. Mwezi mzima nilishika msasa tu. Nilisugua mabomba mpaka nikaota nayasugua. Kila nilipomaliza moja, Mzee alifumba macho, akapitisha kiganja juu ya maungio polepole kama mtu anayempapasa paka, kisha akasema, "Hapa. Na hapa. Rudia." Nilimchukia kwa wiki tatu hivi. Wiki ya nne nikajikuta nami nafumba macho.

Aliyetuleta kwenye bafu ni Sista Akello. Hakuwa mtawa, alikuwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo katika hospitali moja mjini, na watu wote walimwita Sista kwa sababu ya jinsi alivyokuwa anatoa amri. Alikuja na mchoro kwenye karatasi ya daftari: vishikio vya kufunga ukutani, kwa ajili ya vyoo vya wodi yake. Mzee Odongo aliutazama mchoro mara moja, akaona ni kazi ndogo. Tukatumia vyuma vya pembe nne tulivyokuwa navyo, tukavipaka rangi ya mafuta inayong'aa, tukaongeza na nakshi mwishoni, mkunjo fulani kama wa geti la tajiri.

Sista alivikagua vyote, kimoja baada ya kingine.

"Mzee," akasema, "niliomba vishikio. Wewe umenitengenezea geti."

Mzee alinuna. Alisema chuma kile kingebeba ng'ombe. Sista hakubishana. Aliomba beseni la maji na sabuni, akamwambia Mzee aoshe mikono na asiifute. Kisha akamkalisha kwenye kigoda kifupi kabisa, mimi na fundi mwingine tukashikilia kishikio mbele yake, akamwambia ainuke bila kutumia kitu kingine chochote. Mzee alikamata, akavuta, mkono ukateleza, akakaa kitako chini mbele ya wateja wa jirani. Alijaribu tena. Pembe za chuma zikamkata kiganja na bado akateleza.

Alikitazama kiganja chake pale chini. Halafu akasema, "Zaituni, toa hii yote. Leta bomba ya mviringo."

Siku hiyo Sista alitufundisha mambo ambayo leo mnayakuta yameandikwa kwenye vitabu vya kampuni, lakini sisi tuliyapata tukiwa tumechuchumaa kwenye vumbi la chuma. Bomba liwe la unene ambao vidole vinalizunguka na kukutana na dole gumba, si jembamba kama ufito wala nene kama mgomba. Kati ya bomba na ukuta pawe na nafasi ya kupitisha vidole, lakini isiwe kubwa kiasi cha kupitisha mkono mzima; mtu akiteleza mkono ukapenya hadi kiwiko, kishikio kitamvunja badala ya kumwokoa. Rangi isiwe ya kung'aa. Ncha zirudi ukutani zisishike nguo. Na rangi iachane na rangi ya ukuta, kwa sababu mzee mwenye mtoto wa jicho hawezi kushika kitu cheupe kwenye vigae vyeupe.

Baada ya hapo Sista akawa anakuja kunichukua niende naye majumbani. Mzee Odongo hakupenda kazi za ndani ya nyumba. Alisema akiingia bafuni mwa mtu anajisikia kama mwizi. Mimi nilikuwa mwanamke, wenye nyumba hawakuona vibaya. Hivyo ndivyo nilivyoipata fani yangu: kwa sababu bosi wangu alikuwa na haya.

Mbinu ya chaki, ambayo ninyi mnaniigiza mkicheka, ilitoka katika siku zile. Kila mara nilimuuliza mteja, "Utapenda kishikio kiwe wapi?" na kila mteja alionyesha mahali pa kupendeza, katikati ya ukuta, kama anaonyesha pa kutundika kalenda. Siku moja nikasaga chaki nyekundu, nikampaka bibi mmoja viganjani, nikamwambia aingie bafuni na nguo zake, afanye kila kitu kama kawaida: aingie, ageuke, akae, ainuke, atoke. Alipomaliza, alama za mikono yake zilikuwa kwenye sinki, kwenye kitasa cha mlango, kwenye kile kijiti cha taulo kilichobanwa kwa skrubu mbili za kuchezea, na mara tatu mahali pamoja ukutani, chini zaidi kuliko alivyonionyesha. Nikatoboa pale pale. Tangu hapo sijauliza tena mdomo kabla ya kuuliza kiganja.

Sasa nifike Bukoto, ambako sipendi kufika.

Mwalimu Nakibuuka alikuwa mkuu wa shule aliyestaafu, anaishi ghorofa ya pili peke yake, amefanyiwa upasuaji wa nyonga. Mtoto wake aliye ng'ambo alikuwa amemtumia kishikio cha plastiki kinachonata ukutani kwa kufyonza, hakihitaji hata tundu moja. Kizuri, cheupe, kina kibonyezo cha kijani. Mwalimu alikuwa anajivuna nacho. Nilikibandika nikamwambia, "Tunywe chai kwanza." Hatujafika nusu ya kikombe, tukasikia *paa!* bafuni. Kilikuwa kimeanguka chenyewe, hakuna aliyekigusa. Mwalimu alicheka mpaka akashika nyonga.

"Basi weka ya kwako, nnyabo," akasema, akiniita bibiye kwa Kiganda. "Yenye meno."

Nilitoboa kwa madaha. Vigae vikapita vizuri, saruji ikapita, halafu drili ikazama ghafla, kama kijiko kwenye uji. Kila fundi anaijua hisia ile. Ukuta ulikuwa wa matofali yenye matundu ndani. Nyuma ya kigae kulikuwa na saruji nyembamba na hewa tupu. Nilijua. Lakini nilikuwa na nyumba mbili nyingine siku hiyo, na plagi za plastiki za kushikia skrubu zilikaza vizuri, na kishikio kilipendeza. Nilikitikisa kwa mkono mmoja, nikaaga.

Wiki tatu baadaye alinipigia simu mwenyewe. Alikuwa ameinuka kutoka chooni, amevuta, na kishikio kimetoka na vipande vya kigae. Alianguka kwa upande, akagonga ukuta, akarudi kuketi pale alipotoka. Mkono umeteguka, bega limevimba. Nyonga, kwa rehema ya Mungu, haikuguswa. Niliendesha pikipiki yangu hadi Bukoto bila kuona njia.

Nilimkuta sebuleni, mkono umefungwa kwa kitambaa, mbele yake meza safi na karatasi moja na kalamu.

"Zaituni," akasema, "wakati unatoboa, ulijua?"

Ningeweza kusema ukuta wa Bukoto haueleweki. Ningeweza kusema mjenzi alidanganya.

"Nilijua, Mwalimu."

"Basi kaa. Andika."

Akaniamrisha niandike: *Nilijua ukuta ni mtupu, nikaendelea.* Niliandika. Akaitazama, akasema mwandiko mbaya, niandike tena. Mara ya nne ndipo alipokubali, na machozi yangu yalikuwa yamelowesha pembe ya karatasi. Aliikunja, akaiweka ndani ya Biblia yake. Kisha akauliza, kwa sauti ya mtu anayeanza kipindi kingine, "Sasa tunafanya nini kuhusu choo changu?"

Tulichofanya ni kutoboa ukuta wote hadi upande wa pili. Mzee Odongo alinikatia bamba la chuma, bolti ndefu zikatoka bafuni zikaingia sebuleni, zikafungwa na bamba lile kwa nati. Ukuta wote ukawa umebanwa kama mkate katikati ya mikono miwili. Tatizo likawa bamba lenyewe, limekaa sebuleni pale wageni wanapoangalia, baya kama kidonda. Mwalimu alilizunguka mara mbili, akaenda chumbani, akarudi na picha kubwa ya marehemu mume wake. Ilifunika bamba lote, hata bolti hazikuonekana.

"Alikuwa ananishika mkono tukivuka barabara," akasema. "Sasa atanishika kutoka upande huu."

Na mimi, kabla hajagusa kile kishikio kipya, nilikishika kwa mikono miwili, nikakunja magoti, nikaning'inia na uzito wangu wote, ambao hata wakati ule haukuwa mdogo. Mmeniona nikifanya hivyo mara nyingi na mmenicheka sana. Hamkujua nilikuwa nafanya hivyo mbele ya nani. Fundi ambaye haning'inii yeye mwenyewe asimwambie mteja kwamba pameshika.

Kesi nyingine ambayo siisahau ni ya Afande Otim, aliyefanya kazi na baba yangu. Alikuwa mzito, mrefu, magoti yameisha kabisa. Waliishi yeye na mke wake kwenye nyumba za mstari, vyumba sita na choo kimoja cha shimo nje, kile cha kuchuchumaa. Aliyeniita ni mkewe, Mama Aber, na aliniita kwa jambo lingine.

"Zaituni, huyu mzee hanywi maji," aliniambia pembeni. "Chai, anaonja tu. Uji, anasukuma. Daktari anasema figo. Mimi najua si figo. Anaogopa choo."

Nilikwenda kumwona Afande, nikamweleza kuhusu vishikio. Alinitazama kama nimemvua kofia.

"Miaka yote hiyo nimeshika bunduki ya serikali," akasema. "Leo nishike bomba ndani ya choo? Baba yako angesikia hii maneno?"

Nilimwambia kweli, kazi si yake, ni ya wapangaji wote: jirani wa chumba cha tatu ni mjamzito, bibi wa chumba cha tano anatembea na fimbo. Mwenye nyumba amekubali. Nikachimba sakafu, nikasimamisha mabomba mawili ya maji yaliyopakwa zinki, moja kila upande wa tundu, nikayamwagia zege, na juu nikayaunganisha na ukuta. Nikatengeneza na kiti cha chuma kisicho na kati, cha kuweka na kuondoa. Zege lilipokauka nikarudi kwa Afande.

"Afande, nina shida," nikamwambia. "Mimi nimening'inia, bomba limeshika. Lakini hapa hakuna mtu mzito kukushinda. Kama halikubebi wewe, sitaki bibi wa chumba cha tano aliguse. Naomba unikagulie."

Aliinuka pale pale. Kukagua ni kitu kingine, hiyo ni kazi. Alikwenda taratibu mpaka chooni, akayashika mabomba yote mawili, akayasukuma, akayavuta kama anataka kung'oa nyumba. Akateremka, akapanda. Akateremka tena. Tulimngoja nje, mimi na Mama Aber, kwa muda kidogo. Alipotoka alikuwa amesimama wima zaidi kuliko nilivyomwona asubuhi.

"Inafaa," akasema. "Lakini zege ni kitu ya kuangalia kila siku. Nitakuwa napita."

Akawa anapita. Kila siku, mara tatu, mara nne, Afande Otim alikwenda kukagua. Baada ya mwezi mmoja Mama Aber alinilalamikia kwamba mzee anamaliza birika zima la chai, na sukari, na kwamba nilipaswa kumwonya.

Kuhusu vyombo sitaandika mengi, mnavyo vizuri kuliko nilivyokuwa navyo. Drili yenu ina mwanga wa samawati. Yangu ya kwanza ilikuwa na moshi. Ila nawaomba jambo moja: kigae kitobolewe bila kugongesha, na pole pole, na maji kidogo. Nimeona fundi kijana akipasua vigae kumi na moja asubuhi moja kisha akailaumu China. Na pima maji, na kile kiputo chake cha kuonyesha kitu kimelala sawa, mnaipenda mno. Kishikio kinachotakiwa kulala kilale, lakini kama mkono wa mtu unataka kilale kidogo upande, mpe upande. Kilichopinda kidogo kinachoshikwa ni bora kuliko cha kunyooka kinachotazamwa.

Mwaka huu, kabla sijaweka chini drili, nilipata kazi ya Wandegeya. Hosteli ya wanafunzi, ghorofa ya chini, chumba cha wawili. Msichana aliyenipigia anaitwa Letasi, ametoka Arua, anasomea takwimu, anatumia kiti cha magurudumu tangu utoto. Anaishi na mwenzake Grace, ambaye ndiye aliyekuwa anamsaidia kuoga. Grace ni msichana mwema kabisa, na Letasi alimsifu sana mbele yangu. Grace alipotoka kwenda kuchukua karatasi zake za kuchapisha, Letasi alinisogelea.

"Mama, Grace ni dada yangu. Lakini nina miaka ishirini na moja, na sijawahi kuoga bila mtu kuniangalia. Hata siku moja. Nyumbani ni mama. Shule ya bweni ni matroni. Hapa ni Grace. Unanielewa?"

Nilimwelewa. Msimamizi wa hosteli hakutuelewa mapema hivyo. Alisema vigae ni vya mwenye nyumba na matundu hayarudi. Nilimwonyesha ukuta wa kufanyia kazi, nikamwahidi kufunika kila tundu wakitaka kuondoa, nikakaa ofisini kwake nikiongea mpaka akachoka. Alikubali, nadhani, ili nimtoke.

Kazi ilichukua siku mbili. Mlango wa bafu ulikuwa unafungukia ndani na kula nafasi yote, tukaugeuza ufungukie nje. Chaki ilionyesha kwamba mkono wa kushoto wa Letasi ndio unaobeba, kinyume na wengi, kwa hiyo kishikio cha kukunja kikaenda kushoto mwa choo. Bafuni nikaweka benchi ya kukalia, na kishikio chenye umbo la L kutoka benchi hadi juu. Ukuta ulikuwa wa tofali za kuchoma, mzima; drili iliingia ikilia kama inavyotakiwa.

Nikadhani nimemaliza. Letasi akasema, "Na komeo."

"Komeo la nini?"

"La mlango. Chini hapa, ninapofikia."

Nikamweleza alichonifundisha Sista Akello, kwamba mtu wa hali yake asijifungie, akianguka nani ataingia? Nikamwambia nimeona mambo. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mama Zaituni," akasema, "wewe bafuni kwako kuna komeo?"

"Lipo."

"Na wewe umewahi kuanguka?"

Nimewahi, mara mbili. Nilikwenda kwenye gari, nikatafuta ndani ya sanduku, nikapata komeo la aina ile ambayo mtu wa nje anaweza kuifungua kwa sarafu kama kuna hatari. Nililifunga chini, usawa wa mkono wake. Nikamwonyesha, na Grace nikampa sarafu. Letasi aliitazama ile sarafu mkononi mwa Grace, akafikiri, akakubali.

Nikaning'inia kwenye kila kishikio. Kisha nikamwambia ajaribu kidogo, akiwa na nguo zake, tuone. Akaingia na kiti chake. Akageuka kwa ustadi, akatutazama mimi na Grace tuliosimama mlangoni kama wakaguzi.

"Asanteni," akasema, akauvuta mlango. Tukasikia komeo: *kla.*

Halafu tukasikia maji.

Tulisimama. Grace alinishika mkono bila kujua kwamba ananishika. Ndani kulikuwa na kimya, halafu kitu kikagonga chini. Ilikuwa sabuni tu, kwa sababu tulimsikia akiitukana kwa Kilugbara. Kisha maji tena. Msimamizi wa hosteli akatokea kwenye korido, ameletwa na uchungu wa vigae vyake, akataka kuingia aone tumeharibu nini.

"Kuna mtu ndani," nikamwambia.

"Letasi? Nani yuko naye?"

Grace alimgeukia msimamizi.

"Hakuna," akasema. "Yuko peke yake."

Msimamizi alitazama mlango, akatutazama sisi, kisha akavuta kiti cha plastiki kutoka korido akanipa nikae. Drili yangu, pima maji na sanduku zima la biti vilikuwa mle ndani, na nilikuwa na safari ya kurudi karakana. Niligonga kidogo nikamwomba anipitishie hata drili tu.

"Mama, ngoja," Letasi akajibu kutoka ndani, bila haraka yoyote. "Mimi niko naoga."